Tawasifu ya Colin Powell: yafaa kununuliwa, ila inaishia njiani

Nilinunua nakala iliyokwisha kutumika ya tawasifu ya Jenerali Colin Powell wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1995, wala sijutii fedha yangu. Kurasa za ujana wake, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika aliyepiga deki katika kiwanda cha soda jijini New York, zinagusa moyo kweli. Hata hivyo, anayemtafuta mwanadiplomasia hatamkuta humo, kwa kuwa kitabu kilitoka kabla hajawa Waziri wa Mambo ya Nje na kabla ya tarehe 5 Februari 2003, alipoinua kichupa kidogo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akidai kwamba Iraki ina silaha za maangamizi, ambazo hazikupatikana. Kwangu mimi, hilo ni pengo kubwa mno.