Uzoefu wangu na somo la Utangulizi wa Mantiki (elimu ya kupima hoja) chuoni

Nimelimaliza somo hili katika chuo kimoja hapa Unguja. Kwa kuwa wadogo zetu wanaochagua masomo ya hiari wananiuliza kama linafaa, jibu langu ni kwamba linafaa sana, hasa ile nusu ambayo wengi wanaikimbia.

Nusu ya kwanza ni mantiki ya mazungumzo: kumshambulia msemaji ukaiacha hoja yake, kumsingizia mwenzako neno asilolisema kisha ukalipinga hilo, kudai jambo ni kweli kwa vile wengi wanaliamini. Hapo darasa hujaa. Ukitoka ukenda Jaws Corner, kile kijiwe cha Mji Mkongwe, kunywa kahawa, mifano utaipata kikombe hakijapoa. Lakini wapo wanaoyakariri majina ya makosa wakayafanya fimbo ya kuwanyamazishia watu, na hilo lilinikera. Hoja mbovu inaweza kabisa kuwa na hitimisho la kweli. Ukishaonesha kosa, bado hujathibitisha kinyume chake.

Nusu ya pili, ile inayokimbiwa, ndiyo ya alama badala ya maneno, na majedwali ya kuonesha lini kauli ni kweli na lini ni uongo. Mwalimu wetu, Mungu ambariki, aliianza kwa boti ya Pemba. Ikiwa bahari imechafuka, boti haiondoki. Leo boti haikuondoka. Basi bahari imechafuka? Wengi waliitikia ndiyo. Kumbe huenda injini ni mbovu na bahari ni shwari. Sasa sema: boti imeondoka, kwa hivyo bahari haikuchafuka. Hapo hoja imefunga. Ukizikubali kauli mbili za mwanzo, huna pa kutokea. Akaongeza nyingine: samaki wote wanaruka angani, pweza ni samaki, basi pweza anaruka angani. Kila kauli ni ya uongo, lakini umbo la hoja ni halali, yaani ukizikubali mbili za mwanzo, la tatu halikwepeki. Kutenganisha uhalali na ukweli ndiko kulikonifungua macho kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni.

Kukanusha nako kuna mambo. Kinyume cha "karafuu zote zimekauka" si "karafuu zote hazijakauka". Inatosha ipatikane moja mbichi. Nikisikia mabishano ya siasa siku hizi, hapo ndipo ninaposikiliza kwanza.

Kasoro zipo. Sehemu ya alama ilisukumwa mwishoni mwa muhula ikaenda mbio, ilhali ndiyo inayohitaji muda. Kitabu tulikisoma kwa fotokopi zilizofifia, na mifano yake ilikuwa ya theluji na mahakama za ng'ambo. Mtihani nao ulidai fasili nyingi kuliko kufikiri. Kwa hayo natoa nyota nne kati ya tano.

Wenzetu waliosoma kwa masheikh wanaijua mantiki tangu zamani, maana Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeiandikia mantiki, alisomwa na kufafanuliwa na wanafalsafa wa Kiislamu kina al-Farabi na Ibn Sina. Wa kompyuta nao wasiliache: aljebra ya "na", "au" na "si" aliyoieleza mwanahisabati George Boole mwaka 1854 ndiyo inayoendesha saketi zao.

Ukijiandikisha, anza majedwali mapema. Kauli mbili zinataka mistari 4, tatu 8, nne 16. Na muulize mwalimu tangu mwanzo kwa nini kauli ya "ikiwa" huhesabiwa kweli pale sehemu yake ya mbele inapokuwa ya uongo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama.