ZBC TV (iliyokuwa TVZ): riviu ndefu ya stesheni yetu ya visiwani

Riviu za hoteli za Nungwi na za urojo wa Mji Mkongwe zimejaa mitandaoni, lakini stesheni yetu ya TV ambayo kila nyumba Unguja na Pemba inaijua sijaona mtu aliekaa akaiandikia vizuri, basi leo nimekaa mie. Nazungumzia ZBC, yani Shirika la Utangazaji Zanzibar, ila watu wa rika langu na waliotutangulia mpaka leo wanaiita TVZ tu, yani Televisheni Zanzibar, na humu nitachanganya majina yote mawili.

Kwa mwenye haraka jibu ni hili. Kama unataka muvi mpya na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti, kalipie vifurushi vya wengine. Kama unataka kujua Zanzibar imeamkaje, nini kimesemwa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, mwezi umeandama au haujaandama, mashamba wanalia na nini, basi hapa ndo pahala pake na mie nnaipa nyota nne bila ya kusita. Ile ya tano nitaieleza huko mbele kwa nini nimeizuia.

Ila lazima uijue ilipotoka, mana bila ya hapo huwezi kufahamu kwa nini wazee wetu wakiitaja wanaitaja kifua mbele. TVZ ilianza 1973, na ilianza na rangi. Haikupitia ile picha nyeusi na nyeupe kabisa, ilizaliwa na rangi zake, na ndo ikahesabika kuwa stesheni ya mwanzo ya rangi Afrika kusini ya Sahara. Sasa angalia majirani. Kenya walikuwa na TV tangu 1962 lakini rangi waliipata mwishoni mwa miaka ya sabini. Uganda walianza 1963, nao nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini na dhahabu yao yote ile, serikali ya makaburu haikuwafungulia watu TV mpaka Januari 1976. Hata Oman, ambako nusu ya ukoo wa watu wengi wa hapa ndo uliko, TV yao ilianza 17 Novemba 1974. Na Uingereza kwenyewe BBC walianza kuonyesha rangi 1967, yani London walitutangulia miaka sita tu, sie kisiwa ambacho ukitoka mjini asubuhi unafika Nungwi kabla ya adhuhuri. Nikisoma hilo mie huwa nakaa kitako kwanza.

Mpango ulikuwa wa Mzee Karume. Yeye hakuiona, aliuawa pale Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, ikaja kuwashwa chini ya Mzee Aboud Jumbe, rais aliemfuata. Pesa ilitoka kwenye karafuu. Wakati ule Indonesia walikuwa wananunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zao za kretek, bei ilikuwa nzuri na serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni, na hapohapo mchele na sukari na unga wananchi walikuwa wanapewa kwa mgao. Haya mawili yalikwenda pamoja na hayafai kutenganishwa. Ukikaa na watu wazima barazani utawasikia wanavutana mpaka leo, huyu anasema ile TV ilitupa heshima mbele ya dunia nzima, yule anasema karafuu zilichumwa na watu wa Pemba ambao hata umeme hawakuwa nao wengi wao, pesa ile wangelishwa kwanza. Mie nawaelewa wote wawili, na kama nnaisifu TVZ nnaisifu nikijua kuwa ililipiwa na mchumaji wa karafuu wa Wete na Mkoani, kwa hiyo yeye ndo anaeidai zaidi kuliko mtu yeyote.

Na kwa nini rangi? Naona sababu kubwa ni kuwa tulianza baadae. Kenya walishajaza studio zao mitambo ya zamani na raia walishanunua seti za nyeusi na nyeupe, kubadilisha ni kulipa mara mbili, serikali ilipe na mwenye nyumba nae alipe. Sie hatukuwa na cha kubadilisha, tukachukua kilichokuwa kipya sokoni, basi.

Kuna jambo vijana wa bara wengi wakilisikia hawaamini. Kwa miaka kama ishirini hivi ukisema televisheni ya Tanzania unasema TVZ, hakuna nyengine. Mwalimu Nyerere hakuona kama TV ni haja ya nchi masikini, bara ikakaa na redio tu mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua milango, na 1994 ndo ITV ya mfanyabiashara Reginald Mengi na wenzake wakaanza. Kabla ya hapo watu wa Dar walikuwa wanafunga antena ndefu juu ya mapaa wanazielekeza baharini ili waikamate TVZ, picha ikija na chenga zake na upepo ukipiga inakwenda, mtu apande juu azungushe bomba huku wa ndani wanampigia kelele hapohapo hapohapo usiguse. Mji mkubwa kama ule unategemea kisiwa! Sensa ya 1978 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 476,111, watu hao ndo waliokuwa na stesheni yao ya rangi.

Seti zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo TV ilikuwa ya mtaa. Mwenye nayo alikuwa hafungi mlango wakati wa magharibi, watoto wakijaa sebuleni na waliokosa nafasi wakisimama madirishani, mabibi wamewekewa mkeka mbele. Wenyewe waliokulia Ng'ambo watakwambia walijua nyumba za TV za mtaa mzima kama wanavyojua misikiti.

Sasa nije kwenye kinachorushwa, mana riviu ndo hiyo.

Taarabu ndo inayonifanya nisiiache stesheni hii hata siku moja. Akhwani Safaa ni chama cha tangu 1905, Culture Musical Club ni cha 1958, na vyote viwili vina wapigaji ambao watalii wanalipa pesa kuwasikia, lakini mtu wa kawaida wa Jang'ombe au wa Chake Chake amewajua kwenye TVZ. Udi, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla zimepangwa safu nzima, waimbaji wamevaa wakapendeza, kamera haina haraka, haikatikatiki kila sekunde mbili kama video za siku hizi, inamkalia mpiga ganuni mpaka unaona vidole vyake vinavyocheza. Kwa anaejifunza kupiga ala hiyo ni skuli tosha. Marehemu Bi Kidude, muimbaji wetu wa taarabu aliefariki 17 Aprili 2013, dunia imemjua kupitia matamasha ya Ulaya, sie tumemjua akiwa bibi wa mjini anaetoka kwenye TV ya nyumbani, na tafauti hiyo mie naiona ni kubwa, mana stesheni ya nje inamuonyesha kama ajabu na ya kwetu inamuonyesha kama mtu wa kwetu.

Ramadhani nayo ina utamu wake. Mawaidha ya jioni, kisomo, kisha adhana ya magharibi ya saa ya Unguja si ya Dar wala ya Nairobi, futari imeshatandikwa, watu wameitumbulia macho TV. Stesheni kubwa ya bara haiwezi kukupa hilo kwa sababu inazungumza na nchi nzima. Na siku ya kungojea mwezi ndo kabisa, kila mtu anangoja tangazo la Mufti.

Lugha pia. Kiswahili sanifu kilichukuliwa kwenye Kiunguja, sawa, lakini usikilize watangazaji wa vituo vingine siku hizi, sentensi moja ina maneno matano ya Kiingereza. ZBC bado unasikia mtu anasema skuli, anasema khasa, mvuvi wa Kizimkazi anahojiwa na anaachwa azungumze Kimakunduchi chake bila ya kukatwa, na mtangazaji anamjibu kwa adabu, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Wenye watoto wanaokulia nje, wekeni hii stesheni nyumbani, naomba sana.

Habari za nyumbani hazina mbadala. Meli ikipata msiba kama MV Spice Islander ile usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, mtu hataki muhtasari wa dakika moja baada ya habari za Dodoma, anataka kukaa na habari hiyo siku nzima, majina ya mitaa na vijiji anavyovijua. Kazi ya stesheni ndogo ni hiyo hasa.

Nisifie tu? Hapana. Taarifa ya habari ni ndefu na mwanzo wake wote ni viongozi, huyu kafungua, yule kakagua, huyu kapokea wageni, na mwananchi anakuja mwishoni wakati mtu keshakwenda kula. Na siasa tuiseme wazi. Hichi ni chombo cha serikali tangu siku ya mwanzo, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliokuja uchaguzi wa 2015 waliandika kuwa ZBC ilikipendelea sana chama tawala. Uchaguzi huohuo, tarehe 28 Oktoba, tangazo la Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, la kuufuta lilitoka kwenye TV hiyohiyo, na nyumba nzima nzima zilikaa kimya mbele ya skrini hazijui ziseme nini. Pesa zinazoiendesha ni za wote, wa chama hiki na wa chama kile na asiekuwa na chama, na mchumaji wa karafuu wa Pemba niliemtaja pale juu ana haki ya kujiona kwenye TV yake hata kama kura yake hawaipendi. Hili kwangu ni zito na ni sehemu ya ile nyota niliyoizuia.

Upande wa mitambo tumetoka mbali. Wanaokumbuka Zanzibar ya giza wanajua, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokufa Mei 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima, halafu 10 Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu! TV gani utaangalia, aliekuwa na jenereta ndo aliekuwa na TV, na petroli anaigawa kwa dakika. Kisha ikaja dijitali, Dar ilizimiwa analojia 31 Disemba 2012 na sie tukafuata, antena za zamani zikawa chuma chakavu na kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Na 2013 TVZ na redio yetu ya serikali, ambayo asili yake ni Sauti ya Unguja ya 1951, vikaunganishwa kisheria kuwa shirika moja, ZBC. Picha sasa ni safi, chenga zimekwisha, hilo sina ubishi.

Ushauri kwa anaenunua king'amuzi leo: washa hapohapo dukani, usikubali kuambiwa nenda kajaribu nyumbani. Kuna duka moja mjini waliniuzia kilichokuwa na remoti ya kampuni nyengine kabisa, na kurudishiwa pesa ikawa nenda rudi. Hakikisha ZBC inakamata, sauti na picha vinakwenda pamoja, ndo utoe pesa. Walioko Muscat, London, Toronto, wao wafungue YouTube, habari nyingi zinapandishwa huko.

Sasa sehemu ya pili ya ile nyota, na hapa naomba wahusika wasome. Stesheni iliyorusha rangi tangu 1973 ina picha za Zanzibar ambazo hakuna mtu mwengine duniani anazo. Maonyesho ya Mapinduzi pale Amaan, uwanja uliojengwa na Wachina 1970, taarabu za waimbaji waliokwishafariki, mitaa kabla haijabadilika, Michenzani majumba yakiwa mapya, wazee wakizungumza. Picha za rangi, za miaka ambayo nchi nyingi jirani zina nyeusi na nyeupe tu. Kanda za sumaku na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu haziishi pamoja kwa amani, kanda hunata, hufanya ukungu, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena. Kila mwaka unaopita ni hasara isiyorudi. Sensa ya 2022 tumefika watu 1,889,773, wengi wao hawajaona hata dakika moja ya TVZ ya zamani. Naomba saa moja tu kwa wiki, Ijumaa usiku, kipindi kimoja cha hazina, na kisha kiwekwe YouTube kizima si vipande. Wakifanya hivyo narudi hapa naongeza nusu nyota siku hiyohiyo.

Na nyinyi wenye kabati za zamani, hasa familia ambazo ami au shangazi alikuwa na deki ya VHS miaka ya themanini akirikodi taarabu za TVZ, msizitupe kanda hizo wala msiwape watoto wazichezee. Zitoeni kwenye unyevu, msizitie kwenye deki bovu zikaliwa, tafuteni fundi anaejua kuzihamisha muweke kwenye flashi, nakala mbili mbili, moja ikae nyumba nyengine.