Mapitio: Ukumbi wa Kung Fu wa Majengo na Deni la Bruce Lee

Ukumbi huu wa kung fu uko Majengo, Mombasa, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani ambayo chini yake panauzwa vipuri vya pikipiki, na anayeutafuta kwa mara ya kwanza huelekezwa na watu wa mtaani kwa jina la Bruce Lee, yule mwigizaji wa filamu za kung fu, wala si kwa jina lililoandikwa kwenye kibao. Ndani, picha yake imeujaza ukuta wa mbele: amevaa ile suti ya manjano yenye mistari myeusi, na macho yake yamemkazia kila anayeingia. Niliwaandikisha hapo binti yangu na mpwa wangu, na ninaandika mapitio haya hasa kwa ajili ya wazazi wanaojiuliza kama ni busara kumpeleka mtoto mahali ambapo kinachomvuta ni mtu aliyepata sifa kwa kupiga wenzake.

Swali hilo si la kupuuzwa katika mji huu. Tumeshuhudia makundi ya vijana wenye mapanga yakiwatia watu hofu Kisauni na Likoni, na kila kisa kinapotokea hawakosekani wazee wa kuvinyoshea kidole vibanda vya video, ambako sauti ya DJ Afro, mfasiri wa filamu, au ya mmoja wa wanaomuiga hufasiri kila ngumi, na ambako mtoto hujua mapema kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Katika kikao cha wazazi nilichohudhuria, mama mmoja alisimama na mwanawe aliyefungwa plasta mkononi. Mtoto huyo hakuwa mwanafunzi wa ukumbi. Alikuwa amepanda ukuta wa uani kwao akajirusha ili apige teke la hewani, na kabla ya kuruka aliwatangazia wenzake kwamba yeye ndiye Bruce Lee. “Mwalimu, huyu mtu wako wa ukutani ndiye aliyenivunjia mwanangu mkono,” alisema, na akataka picha iteremshwe siku hiyohiyo. Mwalimu alimpa pole, kisha akajibu: “Mama, huyu alifariki 1973. Mimi nipo, niulize mimi.”

Kumtwika marehemu lawama za wanaomuiga hakukuanzia Majengo. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, mwezi mmoja kabla ya filamu yake iliyovuma kuliko zote, Enter the Dragon, kutoka, na kufikia 1979 wakaguzi wa filamu wa Uingereza walikuwa wameanza kukata kila sehemu iliyomwonyesha akizungusha nanchaku, vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, wakihofia kwamba vijana wangejitengenezea zao na kuzitumia barabarani. Msimamo huo uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo, watayarishaji wa Hong Kong na Taiwan walikuwa wakiwapachika waigizaji majina kama Bruce Li na Bruce Le, wakiwavika miwani na nywele kama za marehemu, na kuuza filamu moja baada ya nyingine. Hata ile filamu aliyoiacha haijakamilika, Game of Death, yenye suti ya manjano, ilimaliziwa kwa waigizaji waliomfanana na kutolewa 1978. Basi walioiga kwa malipo walipata fedha, na lawama akaachiwa asiyeweza kujitetea. Pwani yetu ina shujaa wake, Fumo Liyongo, aliyekata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na bado sijasikia mtu akiulaumu utenzi wake kwa ajili ya mfungwa anayewaza kutoroka gereza la Shimo la Tewa.

Kwa maoni yangu, anayepaswa kuulizwa ni yule anayelitumia jina la shujaa kuwavuta watoto, na kwa kipimo hicho ukumbi huu unafanya vizuri zaidi ya nilivyotarajia, ingawa haujamaliza kulipa deni la jina hilo.

Nianze na mafunzo yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayolipiwa. Mtoto anayeingia na ndoto ya teke la hewani hutumia mwezi wa kwanza akijifunza kuanguka: kukunja kidevu, kuupokea mshtuko kwa bega na kiganja badala ya kifundo cha mkono, kuviringika na kusimama tena. Kila kipindi hufunguliwa kwa kupasha viungo moto kwa muda ambao watoto huulalamikia, na hakuna anayeruhusiwa kujiunga akichelewa bila kupasha viungo mwenyewe kando. Mateke ya kuruka hayafundishwi kwa walio chini ya miaka kumi na miwili. Nanchaku za mti zimefungiwa kabatini. Wakubwa huanza na zile zilizofunikwa sponji, tena baada ya kukaa hapo mwaka mzima na zaidi. Mpwa wangu, aliyekuja akitaka kuzungusha vijiti tangu siku ya kwanza, alinung'unika sana, kisha akazoea.

Lakini kilichonivutia kuliko yote ni karatasi ambayo mwalimu aliibandika kando ya picha baada ya kile kikao. Imeandikwa kwa mkono, na inasimulia kwamba mwaka 1970 Bruce Lee aliumia mgongo vibaya alipokuwa akifanya mazoezi ya vyuma bila kupasha mwili moto inavyotakiwa, kwamba madaktari walimwambia asahau mateke, na kwamba alilazwa kitandani kwa miezi akijaza madaftari kwa maandishi juu ya mapigano. Inaongeza kwamba kijana huyo aliyekulia katika ugomvi wa mapaa ya Hong Kong alikuwa pia bingwa wa kucheza cha-cha mwaka 1958, jambo ambalo huwachekesha wavulana na kuwafurahisha wasichana. Mtoto anayeisoma karatasi ile hukutana na mtu aliyevunjika kwa kukosa subira, na nadhani hilo humzuia kupanda ukuta kuliko kelele zetu sisi wazazi.

Hata hivyo, jibu la mwalimu kwa mama yule lilikuwa na upungufu. Mlangoni panauzwa fulana zenye picha ileile kwa shilingi 700, na wanaozinunua wengi ni watoto wa mtaa ambao hawajawahi kukanyaga mkeka wa ukumbi. Ukisema “niulize mimi”, huwezi kuchagua kuulizwa kuhusu wanafunzi wako peke yao huku ukichukua fedha za wengine. Nilimweleza hivyo kwa heshima. Alicheka, akasema atalifikiria, na fulana ziko palepale. Ningependa japo kila anayenunua fulana apewe somo moja la bure la kuanguka; mikeka ipo, na saa za mchana ukumbi huwa mtupu.

Mengine ni ya kawaida. Ada ni shilingi 2,500 kwa mwezi na risiti hutolewa bila kuombwa. Darasa la wasichana ni Jumapili asubuhi, linafundishwa na mwanamke, na wanaume hawaruhusiwi kukaa kutazama. Binti yangu hufanya mazoezi na hijabu yake bila tabu. Wavulana huwa na vipindi baada ya Alasiri, nyakati zisizogongana na chuo cha Kurani. Feni ni mbili na moja haizunguki, kwa hiyo wakati wa kaskazi mtoto aende na maji ya kutosha. Mikeka ya sponji iliyo karibu na dirisha imekwisha kiasi cha kugusa sakafu na inafaa kubadilishwa mapema. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, lakini nilipolifungua lilikuwa na pamba na chupa ya dawa ya vidonda tu, bila bendeji wala kitu cha kufungia mkono uliovunjika, na katika ukumbi wa aina hii hilo ni kosa lisilo na udhuru.

Anayetaka kumwandikisha mtoto aende mwanzoni mwa mwezi, kwa sababu kundi la wanaojifunza kuanguka huanza pamoja na anayekosa husubiri la mwezi unaofuata. Aombe pia fomu ya ridhaa ya mzazi, inayoeleza ni nani atakayelipa gharama za hospitali mtoto akiumia akiwa mkekani; iko kwenye droo ya meza ya mwalimu na haitolewi mpaka uiulizie.