Kitanzi cha Chandler: mashine nafuu ya kupima mipako ya mishipa bandia, na mahali inapodanganya

Maabara inayotaka kujua kama mpako mpya wa mshipa bandia unapatana na damu ina njia kadhaa, na nyingi ni ghali: kondoo wa majaribio, chumba cha mtiririko kilichofungwa kwenye hadubini, mzunguko wenye pampu. Kitanzi cha Chandler ni nafuu kuliko hizo zote, na kwa maoni yetu ndicho cha kununua kwanza. Ila kinunuliwe kwa kazi yake, yaani kulinganisha mpako huu na ule kwa damu ya mtu mmoja, siku moja. Hakitakuambia kama mshipa utabaki wazi mguuni mwa mgonjwa mwakani, na muuzaji anayedai hivyo anapotosha.

Mtindo huu ulielezwa na A. B. Chandler mwaka 1958. Mrija wa plastiki unatiwa damu bila kujaa, ncha zake zinaunganishwa, kisha duara hilo linafungwa kwenye gurudumu ambalo nusu yake ya chini imezama katika maji ya nyuzi 37. Gurudumu likizunguka, damu hubaki chini kwa uzito wake na ukuta wa mrija hupita juu yake. Mtiririko unapatikana bila pampu, na hapo ndipo ubora wake ulipo: pampu huponda chembe nyekundu na kuziamsha chembe sahani (zile zinazoanzisha kuganda), hata usijue lawama ni ya mpako au ya pampu.

Unapochagua mashine, kwanza uliza gurudumu linabeba vitanzi vingapi. Chini ya 12 hatupendekezi. Kila jaribio linahitaji mshipa wenye mpako, mshipa ule ule usio na mpako, kitu kinachojulikana kugandisha damu, na mrija mtupu (wenye damu lakini bila mshipa ndani). Kila kimoja mara tatu. Gurudumu la vitanzi sita hukulazimisha kurudia zamu, na damu ya zamu ya pili imeshakaa. Halafu angalia maji: weka kipimajoto pande zote mbili za hodhi, maana nyingine zina joto sahihi karibu na kipasha moto tu. Rangi ya kioo na skrini ya kugusa haziongezi chochote.

Kasi usiiache kama ilivyotoka kiwandani. Kitanzi cha mrija wenye urefu wa sentimita 50 kina upana wa karibu sentimita 16. Kikizunguka mara 30 kwa dakika, ukuta wake unakwenda karibu sentimita 25 kwa sekunde. Zidisha mwendo huo kwa nane, ugawe kwa kipenyo cha ndani cha mrija, utapata kiwango cha msuguano wa damu ukutani: takriban 330 kwa sekunde kwa mrija wa milimita 6, na 500 kwa ule wa milimita 4. Vyote ni viwango vya ateri. Lakini ukipima mpako A kwenye mrija wa milimita 4 na mpako B kwenye wa milimita 6 kwa kasi ile ile, hujalinganisha mipako.

Kiungo cha mrija ndicho kinachoharibu majaribio mengi. Kata ncha kwa wembe mpya, mraba kabisa, zigusane, kisha uzifunike kwa nje kwa kipande cha mrija wa silikoni. Kiunganishi cha plastiki kinachoingia ndani huacha kingo, na damu huganda pale pale. Jaribio likiisha, kata kitanzi uangalie bonge limekaa wapi. Likiwa kwenye kiungo kila mara, ulichopima ni kiungo. Kwa mshipa wa ePTFE (plastiki ya jamii ya Tefloni), aina inayotumika sana miguuni na kwa wagonjwa wa kusafisha damu, kipande cha sentimita 10 hivi huingizwa ndani ya mrija unaokibana barabara. Pasibaki nafasi kati ya viwili, kwani damu iliyolala humo huganda. Ukingo kidogo hauepukiki, ndiyo maana mshipa usio na mpako lazima uingizwe kwa namna ile ile.

Damu yenyewe ina masharti. Mchangiaji asiwe ametumia aspirini au dawa za jamii ya ibuprofen kwa siku 10 hadi 14. Sindano iwe pana, mkono usifungwe kwa muda mrefu, na mililita za mwanzo zimwagwe kwa sababu zina kichochezi cha kuganda kutoka kwenye jeraha la sindano. Usitumie sitreti kuzuia damu isigande: huondoa kalsiamu, na bila kalsiamu si kuganda wala mfumo wa komplementi (protini za kinga zilizomo kwenye damu) unaofanya kazi ipasavyo. Tumia heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kidogo tu, karibu yuniti 1 kwa mililita. Ikiongezwa hadi 5, kila mpako utaonekana mzuri. Damu itumike ndani ya saa nne, wala usichanganye ya watu wawili. Kwa maabara za kwetu Afrika Mashariki tunaongeza sharti moja: mchujie mchangiaji vimelea vya malaria na hali ya kubeba selimundu, kwa sababu zote mbili zinagusa chembe nyekundu unazotaka kuzihesabu zikipasuka.

Sasa tuje kwenye udanganyifu mkubwa. Mipako mingi ya mishipa bandia ni ya heparini, na heparini inaweza kuilinda damu kwa njia mbili: ikiwa imeshikamana na ukuta, au ikiwa inachuruzika ndani ya damu. Kitanzi ni chombo kilichofungwa chenye mililita 10 hivi za damu, kwa hiyo heparini ndogo inayovuja huilinda damu yote. Mwilini, damu inayopita huibeba na kuimaliza, kisha ukuta unabaki mtupu. Mipako ya mwanzo, kama ile ya grafaiti na benzalkoniamu iliyotolewa na Vincent Gott na wenzake mwaka 1963, ilishika heparini kwa mvutano wa chaji tu, na protini za damu huing'oa. Larm, Larsson na Olsson walionyesha mwaka 1983 namna ya kuifunga kwa ncha moja kwa kifungo imara cha kikemia, sehemu inayokamata antithrombini (protini ya damu ambayo heparini huitumia kuzuia kuganda) ikabaki huru. Msingi huo ndio uliozaa mpako wa mshipa wa GORE PROPATEN.

Kitanzi peke yake hakitofautishi aina hizi mbili. Loweka kipande kwenye maji ya chumvi ya 0.9% kwa saa 24 kwa nyuzi 37, toa kipande, kisha tia maji hayo kwenye damu mpya isiyo na mshipa wowote. Damu ikichelewa kuganda, mpako unavuja. Baada ya kitanzi pia, pima nguvu ya heparini kwenye plazma kwa kipimo cha anti-Xa: ikiwa ulianza na yuniti 1 na sasa unaona zaidi, umeshapata jibu. Rangi ya toluidini ya buluu inaonyesha wingi wa heparini ukutani, haionyeshi kama ingali hai. Tumeona ripoti zinazojivunia wingi huo bila neno hata moja juu ya uwezo wa kushika antithrombini. Wingi huo haumfai mgonjwa kitu.

Zungusha kwa dakika 60. Hesabu ya chembe sahani na komplementi (kwa alama yake, SC5b-9) zitoke kwenye chupa ya EDTA. Viunganiko vya thrombini (kimeng'enya kinachogandisha damu) na antithrombini vitoke kwenye chupa ya sitreti. Beta-thromboglobulini, protini inayomwagwa na chembe sahani zilizoamshwa, itoke kwenye chupa ya CTAD (yenye dawa za kuzituliza chembe hizo) iliyowekwa kwenye barafu, la sivyo chembe sahani zitaendelea kumwaga yaliyomo zikiwa kwenye chupa. Chukua pia sampuli ya dakika ya sifuri. Chembe sahani zikipungua huku thrombini ikiwa chini, huenda zimenata ukutani bila damu kuganda. Hadubini ya elektroni itakuonyesha. Suuza kipande polepole kabla ya kukikausha, kwani maji ya kasi huondoa ushahidi.

Udhaifu ambao hakuna ufundi wa kuufuta ni lile pengo la hewa. Protini hubadilika umbo zinapogusa hewa, chembe nyeupe hukusanyika, komplementi hupanda hata kwenye mrija mtupu. Kwa hiyo namba ya komplementi isiyoambatana na ya mrija mtupu haifai kusomwa. Zipo aina zinazojazwa hadi juu na kuzungusha damu kwa vali ya kigololi. Kama mpako wako unahusu komplementi hasa, lipia hizo.

Mashine hii haikuondolei vipimo vingine. Toleo la 2017 la ISO 10993-4, kiwango cha kimataifa cha vifaa vinavyogusa damu, linataka pia hemolisisi, yaani kupasuka kwa chembe nyekundu. Kwa ASTM F756, kiwango cha Marekani cha kipimo hicho, chini ya 2% ni salama, 2 hadi 5 ni kidogo, zaidi ya 5 ni mbaya. ISO 10993-5 huhesabu mpako kuwa sumu kwa seli iwapo uhai wa seli hizo unashuka kwa zaidi ya 30%. Pima na endotoksini (sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria) kabla ya yote, kwa kuwa huchochea chembe nyeupe kugandisha damu na kuutia mpako hatia isiyo yake.

Anayetuma mishipa yake kupimwa kwenye maabara ya kulipia ajue kwamba kinachopimwa ni kile kilichokwisha kupitia usafishaji wa mwisho, iwe gesi ya ethilini oksaidi au mionzi, kwa sababu mionzi inaweza kuvunja heparini na gesi huacha mabaki. Adai namba za kila mchangiaji badala ya wastani tu: wachangiaji watatu wakitofautiana sana, wastani utaficha yule mmoja ambaye damu yake iliganda. Na mkataba utaje mapema kitanzi gani kitahesabiwa kuwa jaribio batili, kwa mfano pale mrija mtupu unapoganda au kigandishaji kinaposhindwa kugandisha. Maabara ikikataa kuandika hilo, tafuta nyingine.