Tiketi ya London kwenda Sydney: ipi ununue, ipi uachane nayo

Heathrow, uwanja wa ndege wa London, mpaka Sydney ni kama kilomita 17,000 ukipima njia fupi kabisa, na ndege za abiria za kawaida lazima zitue mahali, kwa hiyo cha kuchagua hapa ni utatua wapi na utakaa hapo masaa mangapi. Watu wanahangaika na kilomita bure tu. Kupitia Singapore jumla inafika kama 17,200, kupitia Dubai kama 17,500, sasa hizo 300 za ziada ndege inazimaliza kwa dakika ishirini hivi, wakati transiti mbovu, yaani kule kusubiri ndege ya kuunganisha, inakula masaa tisa na hujasogea hata hatua.

Kwangu namba moja ni Singapore, tiketi moja mwanzo mwisho. Masaa 13 hivi, unanyoosha miguu, halafu karibu 8 tena mpaka Sydney. Transiti ya masaa mawili au matatu inatosha, jumla unacheza kwenye 23 au 24. Kuna mashirika kadhaa, Qantas, British Airways, Singapore Airlines, so unaweza kuchagua muda unaokufaa.

Namba mbili Dubai au Doha. Masaa 7 kwanza halafu kama 14, yaani kipande kirefu kinakukuta umeshachoka, ila ndege ni nyingi na ukikosa moja huwa kuna nyingine. Ukienda hii njia siti ya kipande cha pili ndo ya kupigania, ya kwanza utavumilia.

Tatu Perth, mji wa magharibi mwa Australia. Qantas walianza kuruka Perth na London moja kwa moja 2018 kwa Boeing 787-9, kama kilomita 14,500, masaa 17 hivi, na watu wakisikia "moja kwa moja" wanadhani watawahi. Kama unaishia Perth nunua hata usifikirie mara mbili. Ila kwa wa Sydney, ukishuka Perth unapita uhamiaji, unachukua mabegi, forodha, unakabidhi tena mabegi, halafu masaa manne na zaidi angani, muda uliookoa wote umeishia kwenye foleni.

Kutua mara mbili ni kwa mwenye muda mwingi kuliko hela, sina zaidi.

Ya mwisho kabisa ni tiketi mbili tofauti ulizounganisha mwenyewe. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili huwadai kitu wala halikujui, umekosa basi nunua upya, na pengine utahitaji viza ya nchi ya katikati ili tu ukachukue begi na kulikabidhi tena.

Kabla ya kulipa piga hesabu ya muda wewe mwenyewe maana saa za kwenye tiketi ni za kila mji. Januari Sydney iko mbele ya London masaa 11, Julai ni 9. Ukiondoka Jumatatu saa 2 usiku Januari ukafika Jumatano saa 12 asubuhi, saa zinaonyesha 34, toa 11, safari ni 23. Kurudi ongeza kidogo, huko angani upepo mkali unavuma kutoka magharibi, Singapore kwenda London peke yake inakaribia 14.