Uzoefu wangu: waya wa kucha nne wa kutolea pete kwenye sinki

Naupa nyota tatu kati ya tano. Si mbovu, ila wengi tunaununua kwa kazi usiyoiweza.

Ni springi ya sentimita 60 hivi. Ukibonyeza kitufe cha juu, kucha nne hutoka na kupanuka. Ukiachia, hujifunga na kubana. Wangu una sumaku nchani. Kwa vito usiitegemee kabisa, dhahabu na fedha hazinaswi. Ni ya skrubu, pini na sindano.

Shida iko kwenye trapu ya chupa, kile kikombe cha plastiki kilicho chini ya sinki ya kunawia mikono. Ndani yake kuna bomba fupi linaloshuka hadi karibu na kitako, kisha maji hupanda pembeni na kutokea ubavuni. Pete ikishuka, maji huisukuma ikakaa kati ya bomba hilo na ukuta wa kikombe. Kucha zinashuka wima, pembeni hazifiki. Utahisi umegusa kitu, kumbe ni kitako cha kikombe.

Kwa hivyo, kitu kikidondoka, funga mfereji papo hapo. Mombasa hii ambako maji hukatika na watu hunawa kwa kopo, hilo peke yake halitoshi: ziba tundu kwa kitambaa na uwaambie wote nyumbani. Pete ya dhahabu ni nzito, hutulia chini. Kishaufu au kizibo cha herini ni chepesi, maji ya nguvu yaweza kukivusha.

Weka karai, kisha fungua kikombe kwa mkono, kinyume cha saa ukikitazama kutoka chini. Kwenye nyumba za maji ya kisima, chumvi huganda kwenye hesi, ile mikato ya mzunguko ya kukazia kikombe. Kizungushie kitambaa, mwagia maji ya moto, subiri kidogo, jaribu tena. Spana usiitie, plastiki itapasuka. Yaliyomo yapitishe kwenye chujio kuukuu, na lile bonge jeusi la nywele na sabuni livunje kwa vidole, maana pete hujificha humo humo. Kostiki soda na asidi za kuzibulia usimwage kabla: kostiki hula aluminiamu, asidi huharibu lulu, na mkono wako ndio utakaoingia humo baadaye.

Waya wenyewe unalipa pale unapokiona kitu kwa tochi: tundu la sakafu ya bafu, au sinki yenye mguu wa kauri ambayo mkono hauingii nyuma. Kama tundu lina msalaba wa chuma, usivute kwa nguvu. Pete ilipita kiubavu, lazima irudi kiubavu. Zungusha waya polepole mpaka isimame. Kishaufu hupenya katikati ya kucha, hapo sina la kuusifia.

Nyota nyingine imepotea kwa kutu. Ukimaliza, suuza kucha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, paka mafuta ya cherehani.

Ukirudisha kikombe, futa mchanga kwenye washa ya mpira, ikae sawa, kaza kwa mkono tu. Jaza sinki, achia maji yote kwa mpigo, kisha pitisha tishu kavu kuzunguka pale kikombe kinapokazwa. Ikilowa, washa imekaa upande au imechoka, nunua nyingine.