Lenzi ya mkono ya mara 10 kwa maua ya jamii ya viazi vitamu, Dodoma

Kwa anayetaka kuyatambua maua ya porini ya jamii ya viazi vitamu, yale yanayotambaa mbugani Kongwa na Hombolo mvua zikishika, lenzi ya kukunja inayokuza mara 10, yenye kioo cha milimita 18 ndiyo ya kununua. Picha ya simu inaonyesha tarumbeta tu, na tarumbeta wanayo karibu wote. Kinachowatenganisha kiko ndani, kwenye stigma, ile ncha ya kike ya ua inayopokea chavua.

Chuma ua kabla ya saa nne asubuhi. Jua likikolea, ua linanyauka na vya ndani vinagandana. Lichane kwa ukucha toka mdomoni hadi kwenye kikonyo, ulifunue. Lenzi iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza ua hadi sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye lenzi. Wanaoishika mbali na jicho ndio wanaosema haionyeshi kitu.

Ukikuta stigma ni vinyuzi viwili vyembamba, hiyo ni Convolvulus. Vinne, kwenye kiua kidogo cha buluu na mmea usiojisokota kwenye mwingine, ni Evolvulus alsinoides; nduguye wa mbuga za Marekani, Evolvulus nuttallianus, naye ana vinne. Kijipira au viwili vilivyobanana: fikiria Ipomoea, ukoo wa matembele, lakini usiandike bado, maana Merremia nayo inacho. Tazama vifuko vya chavua, vya Merremia mara nyingi hujisokota vikishapasuka. Chavua ya Ipomoea ina vimiiba, ya Merremia haina, ila kwa vimiiba tafuta hadubini. Lenzi hii haifiki huko.

Geuza na jani. Vinyweleo vya Astripomoea vimechanua kama nyota, na vinapendeza mno kuvitazama.

Usidanganywe na maandishi "30x" kwenye lenzi yenye kioo kipana. Lenzi ya kweli ya mara 30 huona vizuri kwa umbali wa milimita 8 tu. Ikiwa ya muuzaji inaona kwa sentimita 2.5, hiyo ni ya mara 10, na ilipwe bei ya mara 10. Taa ya ndani haina kazi, jua la Dodoma linatosha.

Vumbi letu ni mchanga mtupu: puliza kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini, kamwe si kwa pindo la shati. Skrubu ya bawaba hulegea, ikaze mapema kabla kioo hakijaanguka majanini.